Drili ya betri yenye nguvu: gani ni ya kazi yako na gani itakumalizia pesa

Pita maduka ya hadiwea hapa Kisumu, anzia mjini ukielekea Kibuye, utapata drili ya betri imeandikwa 48V, ingine 88V, na mwezi uliopita niliona moja ya 198V, betri mbili, sanduku imejaa biti, elfu nne na mia tano na bado mwenye duka anakwambia tuongee. Kando yake Makita ya 18V imekaa peke yake, haina betri wala chaja, na bei ni zaidi ya mara mbili. Sasa kijana ametoka tu chuo cha ufundi, ako na pesa yake ya kwanza ya mjengo, atabeba gani? Atabeba ya 198, juu 198 ni kubwa kuliko 18, hio hata mtoto anajua.

Mimi nilifungua moja ya hizo betri za volti mingi ikiwa imeshakufa. Ndani kulikuwa na seli tano. Seli ya lithiamu ni 3.6V, tano zikifuatana ni 18V, na zikijaa kabisa kila moja inafika kama 4.2V ndio maana ukipima unapata 21. Basi. Hio 198 ni rangi tu ya sanduku. Hata makampuni makubwa yanacheza na hii hesabu kidogo, DeWalt huuza mashine Marekani ikiitwa 20V MAX na kule Ulaya inaitwa 18V, betri ni ile ile seli tano, ni vile tu wameandika volti ikiwa imejaa. Volti kubwa za ukweli ziko, kama Makita 40V Max ama FlexVolt ya DeWalt ya 54V, lakini ukiambiwa bei utakohoa.

Kenye unafaa kusoma ni Ah, yaani ampea-saa, kiasi cha stima betri inabeba. Zidisha volti mara Ah unapata kazi iko ndani ya betri: 18V mara 5Ah ni wati-saa 90, ya 2Ah ni 36 tu. Shida ni kwamba Ah pia huandikwa uongo, kwa hivyo usisome, pima. Betri ya 5Ah huwa na seli kumi, yaani safu mbili za tano tano, na seli moja ya kawaida ni karibu gramu 45, ukiongeza kava inafaa iwe gramu 600 na kitu. Niliwahi kuuziwa "6Ah", nikaiweka kwa mizani ya mama wa omena hapo nje ya duka, ikasoma gramu 340. Mama akaniuliza kilo ni ngapi. Hizo ni seli tano, sema 2Ah ama chini.

Halafu jua ukinunua mashine ya kwanza umeoa betri. Ya Makita haiingii kwa Bosch, ya Bosch haiingii kwa DeWalt, so grainda na msumeno utakuja kuongeza baadaye utanunua mwili tu utumie betri uko nazo. Kwa hivyo bei ya kulinganisha si ya ile seti ya kwanza. Uliza duka: betri peke yake mnauza, na ni ngapi? Wakianza kuangaliana, toka pole pole.

Na kabla hata tufike kwa kampuni, swali lingine. Kazi yako iko na stima ama haina? Juu kama uko na karakana Kondele na soketi iko ukutani, grainda ya betri ni kujitesa. Fanya hesabu: betri ya 4Ah ni wati-saa 72, grainda ikikata chuma nzito inavuta kama wati 800, hapo hata dakika sita huwezi maliza, na wewe bado uko mlango wa kwanza. Grainda ya waya inakata mpaka diski iishe. Kutoboa konkriti pia ni hivyo hivyo. Bosch GBH 2-26 ya waya inagonga joule 2.7 (hio ni nguvu ya kila pigo), ndugu yake ya betri GBH 18V-26 inagonga 2.6, nguvu ni kama moja lakini ya betri, ukiweka betri mbili na chaja, unalipa pesa ingine kabisa. Hio ni ya mtu anafunga slebu kule Riat mahali Kenya Power haijafika na jenereta ni ya kukodisha. Drili ya skrubu na ya kutoboa mbao ndio haina mjadala, hio chukua ya betri, kupanda kwa paa na ekstensheni ni kutafuta matanga.

Sasa mpangilio wangu. Kwa mtu anakula kutoka kwa mashine kila siku, namba moja naweka Makita ya 18V. Hii laini ya betri iko tangu 2005 na bado wanatoa mashine mpya zinaingia betri hizo hizo, na mafundi wa kurekebisha wanaijua kama jina lao. Drili yao ya DHP484 iko na 54Nm (Nm ni nguvu ya kuzungusha) na mota ni brashlesi, yaani haina kaboni za kuisha, kwa kazi ya kawaida inatosha na kubaki. DHP486 ni 130Nm, hio ni ya kutoboa mashimo makubwa kwa mkaratusi uliokauka, na usiiguse bila kile kishikio cha pembeni juu biti ikikwama ni mkono wako utazunguka. Seti yenye betri mbili kubwa jipange na elfu arobaini kwenda mbele, na vile jina liko juu ndio feki pia ziko nyingi, so mizani ya omena haikuachi.

Bosch ya bluu iko nyuma yake kwa nywele moja tu. Drili yao ya GSB 18V-55 ni 55Nm, imeshikana vizuri mkononi. Nimesema bluu, ile ya kijani wametengeneza ya mtu wa nyumbani na betri zao haziingiliani, kuna watu wamejua hio wakiwa tayari wamelipa.

Ya tatu kwa mpangilio wangu lakini ya kwanza kwa bei nafuu ni hizi za katikati, INGCO na Total, 20V yao ambayo sasa unajua ni 18. Kwa sanduku utaona 45Nm mpaka 60Nm, na seti ya betri mbili ukiongea vizuri inacheza elfu kumi hadi kumi na nne. Kama unafanya kazi mara mbili tatu kwa wiki, omera, sioni kwa nini uongeze. Angalia tu vitu viwili: iwe imeandikwa brashlesi, na betri za ndani ya seti ni za ngapi, juu mara nyingi ni 2Ah na hio inaisha kabla ya chai ya saa nne.

DeWalt na Milwaukee kwa nguvu peke yake zingekuwa juu, drili ya DeWalt DCD996 ni 95Nm na kuna Milwaukee M18 ya 135Nm. Nimeziweka hapa chini juu watu wengi huku huzipata kwa mtu anatoka Marekani, na kule stima ni 120V. Yetu ni 240V. Binamu yangu aliletewa seti safi sana, akatafuta adapta ya plagi peke yake, akachomeka, moshi. Betri zilipona, chaja ikaenda. Kama unaletewa, soma nyuma ya chaja kama imeandikwa 100-240V.

Zile za 198V? Kufunga kitanda na kuning'iniza pazia, chukua tu, sitakuhukumu.

Kuna pia impakti draiva, ile ya kukaza skrubu na bolti ikigonga huku inazunguka, watu wanaipenda juu ya Nm, Makita DTD153 iko na 170Nm na haisumbui mkono. Kwa bolti na mbao ni tamu. Lakini kwa mabati enda pole, inakaza mpaka ule mpira chini ya skrubu unapasuka, na mvua ya Kakamega haingoji mwaka uishe ndio ikuonyeshe. Drili yenye klachi unaseti namba, ikifika inaachilia.

Betri pia usiweke juu ya mabati na hili jua letu. Ikiwa moto chaja nzuri inakataa kuchaji mpaka ipoe, na chaja mbaya haikatai.

Mimi nikipewa elfu ishirini leo nianze upya, nachukua seti ya katikati ya brashlesi, naongea nibadilishiwe betri ziwe za 4Ah, grainda ya waya, na chenji yote diski za kukata.