Kanisa Kuu la Ukumbusho, Mombasa: linastahili zaidi ya picha ya langoni

Wageni wengi wanaoshuka Mombasa huelekea Fort Jesus na Mji wa Kale, na Kanisa Kuu la Ukumbusho la Waanglikana, lililo kwenye Barabara ya Nkrumah, hulitazama wakipita tu. Mimi niliingia, nikakaa, na ninaandika kwa sababu naamini jengo hili linanyimwa haki yake.

Kwa mbali mtu asiyelijua hudhani ni msikiti. Lina kuba, matao na madirisha marefu membamba, yote ya mtindo wa majengo ya Waarabu na Waswahili. Msanifu wake, J. H. Sinclair, ndiye aliyesanifu majengo kadhaa mashuhuri ya Zanzibar, na aliyewahi kutembea Unguja atautambua mkono wake mara moja. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1903 na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1905, miaka michache tu baada ya reli iliyoanzia Mombasa kufika Ziwa Viktoria.

Kilichonigusa zaidi ni watu ambao kanisa hili ni kumbukumbu yao: Askofu James Hannington, mrithi wake Askofu Henry Parker, na Alexander Mackay, mmisionari na fundi mhandisi kutoka Uskoti. Wote watatu walifia bara, mbali na bahari. Hannington aliondoka pwani mwaka 1885 akapita njia ya Umasaini ili aingie Buganda, ufalme ulio katika Uganda ya leo, kutoka mashariki, upande ambao mfalme wake, Kabaka Mwanga, aliuogopa, na akauawa Busoga mwaka huohuo. Parker alifariki mwaka 1888 na Mackay mwaka 1890, wote wawili Usambiro, kusini mwa Ziwa. Ukiyajua hayo kabla ya kuketi kwenye viti vile, hutauliza tena kwa nini kumbukumbu yao imejengwa pwani: hapa ndipo safari za kwenda bara zilipoanzia, na kwa watu wengi ndipo mahali pa mwisho ambapo waliwaaga wenzao.

Sikufurahishwa na kampuni iliyotutembeza. Kanisa lilitengewa dakika chache za kupigia picha langoni, na mwongozaji hakutaja jina hata moja kati ya hayo matatu. Ilinibidi nirudi peke yangu kesho yake. Mama mmoja niliyemkuta pale alinikaribisha kwa upole, akaniuliza natoka wapi, kisha akaniacha nizunguke kwa utulivu. Sikudaiwa kiingilio, niliacha sadaka, na ningemshauri kila mgeni afanye vivyo hivyo, kwani jengo la zaidi ya miaka 100 linalopigwa na hewa ya chumvi haliwezi kutunzwa bila gharama.

Hili ni kanisa linalosaliwa, si makumbusho. Jumapili nenda ukiwa umekusudia kusali. Ukitaka kutazama, chagua siku ya kazi asubuhi, kabla jua halijawa kali, vaa nguo za heshima na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha ndani. Mwenye muda zaidi aende pia Rabai, karibu na Mombasa, ambako mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alianzisha kituo cha misheni mwaka 1846, kwa kuwa historia ya kanisa hili haieleweki vizuri bila Rabai.