Steshenari ya Miyomboni inayoandaa anwani za vifurushi vya Marekani

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikituma vikapu vya milulu kutoka Iringa kwa wateja walioko Marekani, wengi wao wakiwa Minnesota, jimbo ambalo Walutheri wake wana ushirika wa miaka mingi na wenzao wa hapa kwetu. Mwaka jana, duka nililokuwa nikilitumia awali liliandika MI badala ya MN kwenye lebo, na tarakimu za ZIP, yaani postikodi ya Marekani, halikuziweka kabisa. MI ni Michigan. Kifurushi kilimfikia mteja baada ya majuma matano ya kuulizana kwa simu, naye alikuwa amevinunua vikapu hivyo kwa ajili ya harusi iliyokwisha kupita.

Tangu hapo ninakwenda kwenye steshenari ndogo iliyopo Miyomboni, hapa Iringa mjini, ambayo kwa shilingi 2,000 huchapa lebo na kujaza fomu ya forodha. Dada anayehudumu hapo hakubali kuandika kifupisho ambacho mteja amekikariri tu. Humtaka kwanza alitaje jimbo kwa jina lake kamili, kisha hulitafuta kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Uangalifu huo ndio unaonirudisha kwake, kwa kuwa majimbo manane ya Marekani yanaanza kwa M, na kama kila moja lingepewa herufi zake mbili za mwanzo, basi Michigan, Minnesota, Mississippi na Missouri yote yangekuwa MI, huku Maine, Maryland na Massachusetts yakigombea MA. Kwa hiyo Michigan ilibaki na MI, Minnesota ikapewa MN, Mississippi MS na Missouri MO. Montana nayo ikawa MT, kwani MO ilikwisha kuchukuliwa. Maryland ilipewa herufi ya kwanza na ya mwisho, MD, kama ilivyokuwa kwa Virginia, VA, na Kentucky, KY. Majimbo yenye majina ya maneno mawili, mfano New York, hayana taabu: hutumia herufi ya kwanza ya kila neno.

Zamani watu waliandika Minn., Mass. au Calif. bila shida. Mwaka 1963 Posta ya Marekani ilipoanzisha namba za ZIP zenye tarakimu tano, mashine nyingi za kuchapa anwani zilikuwa na nafasi 23 tu katika mstari wa mwisho, na humo ilipaswa kuingia mji, jimbo na namba hiyo mpya. Ilibidi majina ya majimbo yabanwe, na kufikia Oktoba mwaka huohuo yote yalikuwa na herufi mbili. Hapa kwetu postikodi ni tarakimu tupu, zinazoanzia 51 kwa Iringa na 53 kwa Mbeya, wala hakuna herufi za kugombewa.

Kasoro niliyoiona ni kwamba orodha ya ukutani ni nakala ya kitabu cha zamani na inaionyesha Nebraska kuwa NB. Kifupisho hicho kilibadilishwa kuwa NE mwaka 1969, baada ya Posta ya Kanada kuomba hivyo, kwa sababu NB ilikuwa ikichanganywa na jimbo lao la New Brunswick. Nilipomweleza dada yule, hakubisha. Alihakikisha kwenye kompyuta yake, akachukua kalamu nyekundu na kusahihisha palepale mbele yangu.

Kasoro ya pili bado ipo. Lebo huchapwa kwa wino unaochuruzika ukipata unyevu, na wakati wa masika ninalazimika kuifunika yote kwa selotepu ya upana mkubwa ambayo hapo dukani haiuzwi, kwa hiyo anayekwenda aende na yake. Jumamosi hufungwa saa saba mchana.