Kozi ya sauti kuhusu waandishi wanawake: anzia kipindi cha nne

Nyota tatu na nusu. Kipindi cha nne peke yake ningekipa tano.

Mimi ni mhasibu. Niliinunua kozi hii ya vipindi vinane nipate cha kusikiliza nikipiga pasi. Vipindi viwili vya kwanza nguo zilinyooka vizuri tu. Cha nne, kinachohusu mikataba na malipo, kilinifanya nizime pasi nikae chini, maana hapo mhadhiri anaacha kuwasifia ujasiri wanawake hawa na kuuliza swali langu la kila siku kazini: pesa iliingia mfukoni mwa nani?

Anaanza na Jane Austen. Mwaka 1803 muswada wake mmoja uliuzwa kwa pauni 10, mchapishaji akaukalia. Mwaka 1809 Austen akaandika kuuliza, kwa jina la bandia. Akajibiwa kwamba akiutaka alipe pauni zilezile 10, na akijaribu kuuchapisha kwingine atazuiwa. Ulikombolewa 1816, na yeye akafariki 1817 kabla riwaya hiyo haijatoka. Mali imefungiwa stoo miaka 13, halafu mwenyewe ndiye anailipia itoke!

Kisha anakuja Caroline Norton, ambaye sikuwa nimemsikia kabisa. Alitengana na mumewe 1836, akawa anaishi kwa kalamu yake, lakini kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule kipato cha mke kilikuwa cha mume. Mume akayadai malipo ya vitabu. Bibi huyu akaigeuza sheria: kama changu ni chake, basi na madeni yangu ni yake. Akawaambia waliokuwa wakimdai wamshtaki bwana. Nilicheka peke yangu sebuleni. Sheria ya kumwachia mwanamke aliyeolewa mapato ya kazi yake ilipita 1870.

Kwingine kozi inalegea. Barua ya mshairi Robert Southey kwa Charlotte Brontë, ya 1837, ile ya kumwambia kwamba fasihi haiwezi kuwa shughuli ya maisha ya mwanamke, wameisoma juu ya muziki wa fidla kama tuko msibani. Halafu wanatuambia mashairi aliyotoa Charlotte na wadogo zake 1846 yaliuza nakala 2 kwa sababu ya ubaguzi. Hapo nakataa. Walitumia majina yasiyoonyesha kama ni wanaume au wanawake, sasa mnunuzi angembagua nani? Mashairi ya watu wasiojulikana hayauziki, hata leo.

Kilichoniudhi zaidi ni cha saba. Virginia Woolf, mwandishi Mwingereza aliyesema mwanamke anahitaji pauni 500 kwa mwaka na chumba chake mwenyewe ndipo aandike, wamepita naye mbio. Wamesahau kwamba msimulizi wake, katika kitabu cha 1929, anazipata kwa urithi wa shangazi aliyeanguka kutoka kwenye farasi Bombay, na kwamba habari ya urithi ilimfikia karibu wakati uleule wanawake walipopewa kura. Yeye mwenyewe anakiri kuwa pesa ilimwonekea kubwa kuliko kura. Ukiliruka hilo umefundisha nini?

Na Afrika nzima imebanwa dakika tisa za mwisho. Nawal El Saadawi alifungwa Misri 1981, akawa anaandika kwa penseli ya wanja kwenye karatasi za chooni. Sentensi moja, wakaendelea mbele. Alistahili kipindi chake.

Kuhusu huduma: sauti ya kipindi cha tatu iko chini mno. Niliwaandikia, wakajibu siku ya pili kwa adabu kwamba watarekebisha. Ni mwezi sasa, bado iko vilevile. Nakala ya maandishi hakuna, kwa hiyo tarakimu zote hizo nilizinakili nyuma ya bahasha, huku nikirudisha nyuma sekunde kumi kumi.