Wageni wamefika Unguja: uwanunulie matembezi gani?

Kuanzia Disemba nyumba yetu ya Kikwajuni hugeuka gesti. Shemeji kutoka Morogoro, mwenzangu wa chuo kutoka Tanga, binti wa ami aliyeolewa Mombasa, wote wakishateremka bandarini Malindi, hata chai haijapoa, swali ni lile lile: "Tunautembea mji na nini?" Wanakuwa wameshakutana na papasi wawili watatu getini, wale wanaowazonga wageni kuwauzia safari, wametajiwa boti, gari na ndege, na bei zote kwa dola. Huu hapa mpangilio wangu, kuanzia cha kununua mwanzo hadi cha kuachia mwisho. Nawaandikia watu wa Kiswahili. Mtalii wa Ulaya ana hesabu zake.

Watu hushindania bei wakasahau kuuliza saa. Boti ile ile, kwa pesa ile ile, saa nne asubuhi ni starehe na saa tisa mchana ni adhabu. Nitaeleza, maana adhabu hiyo nimeionja.

Namba moja: miguu

Mji Mkongwe haukujengwa kwa ajili ya gari. Kuna vichochoro ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na vespa ikija inabidi ujibanze mlangoni kwa watu. Basi la ghorofa kama lile la kwenye picha za London hapa lingeishia sokoni Darajani, nje ya vichochoro. Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua matembezi ya miguu ya muda wa saa mbili au tatu, na yaanze saa moja asubuhi. Wakati huo kahawa ndiyo kwanza inamiminwa barazani, mikate inapita kwa baskeli, na mji bado ni wa wenyewe. Saa tano makundi ya mahotelini yameshawasili, na mnapita Hurumzi kwa foleni kama mnaokwenda kupiga kura.

Asubuhi pia ndiyo saa ya milango. Jua likiwa chini linapiga mbao kwa ubavu na nakshi inajitokeza. Usipige picha ukaondoka, sogea. Chini ya mwimo tafuta samaki aliyechongwa, au mistari ya mawimbi. Pembeni mnyororo unapanda mpaka juu, na kwenye kizingiti cha juu mara nyingi utakuta aya ya Qurani, pengine na mwaka wa Hijria. Milango iliyounganishwa kwa vibao vidogo vidogo vya kukunja ni ya mtindo wa Kigujarati. Ile yenye misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka asili yake husimuliwa kuwa India, kuzuia tembo. Unguja hapakuwa na tembo wa kuzuiwa, ilikuwa fahari ya mwenye nyumba tu.

Kinachoamua yote ni mtembezaji. Kwanza akuonyeshe kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii. Pili, mpe mtihani wangu: msimamishe mbele ya Beit al-Ajaib, kisha nyamaza. Jumba hilo la Sultani Barghash ni la 1883, na sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, mnara wa saa ukiwemo. Anayeujua mji atakueleza yeye mwenyewe alikuwa wapi siku ile. Anayekariri atataja mwaka wa kujengwa, halafu atakukimbiza kwenye duka la vinyago la binamu yake. Na huyu anayeanza na mwimbaji Freddie Mercury, ni kweli alizaliwa hapa mwaka 1946, lakini kama mbele yake wamesimama wamama watatu wa Morogoro waliovaa kanga, basi hajawatazama wateja wake.

Mkunazini usikubali kuharakishwa. Kanisa la Anglikana lilijengwa pale pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na altare yake inasemekana ipo mahali uliposimama mti wa kuchapia watu. Nje, shimoni, zipo sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Kaeni kidogo. Mgeni wangu wa Tanga, msemaji kweli kweli, alitoka pale hakusema neno mpaka Darajani.

Kabla ya kutoka ulizeni mambo mawili: bei ni ya kichwa au ya kikundi, na viingilio vimo au havimo. Ulizeni kwa Kiswahili na mtajiwe kwa shilingi. Ijumaa mchana msipange kitu, maduka hufungwa kwa sala. Mwezi wa Ramadhani sogezeni matembezi hadi baada ya futari, ndipo mji unapoamka.

Namba mbili: boti

Haya sasa ndiyo niliyoahidi. Mwaka mmoja nilichukua boti ya kwenda fungu la mchanga la Nakupenda, saa nane mchana, na wageni sita na sufuria la pilau. Nahodha, simtaji, alituapia mchanga upo hadi magharibi. Saa tisa na nusu mchanga ulikuwa umebaki kama mkeka wa watu wawili. Saa kumi hakuna mchanga. Tumesimama baharini, maji magotini, binti wa ami kajitwisha pilau kichwani, na boti imekwenda kuchukua watu wengine kisiwa cha Changuu. Kosa nusu lake, nusu langu. Mtu wa Unguja mimi, usiku uliopita nimeuona mwezi duara kama sinia, na sikuhesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hupwa sana kama saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa sana saa kumi jioni. Siku hizo fungu ni la asubuhi, saa nane muwe mmeshaondoka. Katikati ya hapo ni maji mafu, saa hugeuka, na bahari haitoki wala haiingii sana. Muulize nahodha, "Ami, leo maji yanajaa saa ngapi?" Akijibu bila kutazama simu, panda. Akisema "hamna shida, twendeni tu," tafuta mwingine. Wamejaa pale chini ya Mti Mkubwa, ule uliopandwa mwaka 1911 na Sultani Khalifa.

Boti nimeipa namba mbili, mbele ya gari, kwa sababu mji huu ulijengwa uitazame bahari. Ukiwa nchi kavu unauona kisogoni. Boti ikishaondoka kama mita mia tatu, mwambie nahodha apunguze mashine na geukeni. Mnaona Zahanati ya Ithnashiri na roshani zake za mbao, Kasri, Beit al-Ajaib katika matengenezo, na Ngome Kongwe nyuma ya miti ya Forodhani. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilisimama katika maji haya haya na kulipiga kasri mizinga; vita havikudumu hata muda wa saa moja, na meli ya Sultani, Glasgow, ikazama hapa bandarini. Ukila mishikaki Forodhani hayo yanabaki hadithi. Botini unaona kwa macho jinsi shabaha ilivyokuwa karibu.

Changuu ni mwendo wa kama nusu saa. Jela iliyojengwa huko mwaka 1893 haikuwahi kufungwa mfungwa. Kisiwa kikawa karantini. Watoto watataka kobe wakubwa, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na umri wameandikwa kwa rangi mgongoni. Kiingilio cha kisiwa hulipwa mbali, ulizeni mapema.

Boti hukodiwa nzima, kwa hiyo wawili mtaumia na wanane mtafurahi. Hesabu maboya ya kuvaa kabla ya kuhesabu pesa. Mwezi wa sita hadi wa nane kusi likivuma, tokeni asubuhi tu. Jahazi la tanga la kutazama machweo, lipandeni saa kumi na moja. Ni zuri, ila ni la kupiga picha zaidi kuliko kuujua mji.

Namba tatu: gari

Rahisi kuliko vyote ni daladala namba 502 ya Bububu. Nauli bado ni ya mamia ya shilingi, si maelfu. Kaa ubavu wa kushoto wakati wa kwenda: utapita Maruhubi, yalipo magofu ya jumba la Barghash, halafu Mtoni, kwenye kasri alikozaliwa Bibi Salme, binti wa Sultani Said, mwaka 1844. Mtembezaji hakuna, isipokuwa bibi aliyekaa pembeni yako na kikapu cha muhogo, na kwa bahati nzuri anaweza kuwa bora kuliko wa kulipwa. Epuka saa saba na saa nane, wanafunzi wanatoka skuli.

Gari ya kukodi ina maana mkiwa na wazee, au mkitaka kufika hamamu ya Kidichi ya mwaka 1850. Safari za viungo wanazouza pamoja nayo mimi huwaondolea wageni wa Bara. Mtu aliyekulia Muheza kuonyeshwa mdalasini, avishwe kofia ya makuti na kulipishwa, ni mzaha.

Namba nne: ndege

Kuzunguka mji kwa ndege ya kukodi sikushauri. Dakika chache, pesa nyingi. Lakini kama safari yako ya Dar ni ya ndege ndogo kwa vyovyote, basi matembezi ya juu umeshayalipia, ni ya dakika kama ishirini. Omba siti ya dirishani. Upande hutegemea upepo: mkija Unguja wakati wa kaskazi, ndege kwa kawaida hutua ikielekea kaskazini na mji huwa kushoto, wakati wa kusi mimi hukaa kulia. Utakachokiona juu na usikione chini ni Michenzani: yale maghorofa marefu ya baada ya Mapinduzi yamelala kama mabehewa ya treni, yakikutana kwenye mzunguko kwa umbo la msalaba, na pembeni yake Mji Mkongwe umejikunyata kama kiganja cha mabati yenye kutu.

Shemeji wa Morogoro aliisikia habari hiyo akatamani. Akaililia siti ya dirishani, akapewa, akafumba macho tangu uwanja wa ndege wa Kisauni mpaka Dar. Leo ukimuuliza Unguja ikoje kutoka juu, anakwambia kamuulize rubani.