"Mama, kwani wewe ni fundi?" Uzoefu wangu wa kuivalisha Land Rover mabati, Unga Limited, Arusha

Swali hilo niliulizwa mbele ya watu kama saba, mmoja wao muuza kahawa. Naanza nalo kwa sababu mpaka leo nikiosha vyombo linanirudia, na majibu yote matamu yananijia sasa, wakati hayana kazi.

Gari ni Land Rover 110 ya marehemu baba. Naikodisha kubeba vyombo vya kambi za safari. Vijana wanaopakia hupanda juu ya madigadi ili wafikie keria, na kwa kuwa bodi yake ni alumini laini, ilishabonyea kama sufuria ya msibani. Ndiyo nikaamua kuiwekea yale mabati mazito ya alumini yenye vinundu, juu ya madigadi na ubavuni chini ya milango. Gereji nilielekezwa na mtu. Jina sitaji.

Tulikubaliana siku mbili. Zikawa tisa. Hilo nimesamehe, fundi wa siku mbili sijazaliwa naye mji mmoja.

Nilipokwenda kuchukua gari, jamani, lilikuwa linang'aa! Kona zimekatwa vizuri, mistari imenyooka, nikatoa na hela ya soda. Kisha nikainama kuangalia ubavuni. Skrubu za chuma. Tena zile za kuezekea nyumba! Chini ya bati hakuna silikoni, hakuna mpira, hata matundu hayakupakwa rangi.

Kwa asiyeelewa hasira yangu: Land Rover ilianza na bodi ya alumini tangu 1948, kwa sababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao. Sasa chuma kikigusana na alumini penye unyevu, anayeliwa ni alumini. Rangi inavimba, unga mweupe unatokea kuzunguka skrubu, tundu linapanuka mpaka skrubu unaichomoa kwa kidole. Chumvi ikiwepo ndiyo balaa, na gari langu huenda hadi Ziwa Natron, kwenye magadi. Haya baba alikuwa akituimbia kila Jumapili akiosha gari. Sikuyasoma popote.

Nikamwambia msimamizi, tena kwa upole: "Kaka, hizi skrubu zitanilia bodi. Niwekee bolti za stenlesi na washa za mpira."

Hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama, kwani wewe ni fundi?"

Wakacheka. Muuza kahawa naye akacheka, na kahawa yake nimekunywa miaka.

Nikalipa, nikaondoka. Hapo najilaumu mwenyewe, maana kwa madalali wa soko la Kilombero mdomo ninao.

Safari ya kwanza tu, dereva akanipigia. Lami ilipoishia Loduare, lango la Ngorongoro, rafu rodi ikaanza kazi yake, na bati la kushoto likawa linalia kama kengele za ng'ombe. Mgeni mmoja akauliza mifugo iko wapi. Gari lilirudi na skrubu tatu pungufu. Masika yalipokwisha nikauona unga mweupe niliousema. Nusura niupige picha nimpelekee msimamizi.

Nikarudi gereji nikiwa nimejaa. Msimamizi hayupo, bahati yake au yangu. Akaja kijana aliyekata yale mabati. "Shikamoo mama. Siku ile nilikusikia, ulisema kweli. Ila mimi hapa sina sauti." Hasira ikaniishia miguuni.

Kijana akafungua kila kitu. Akapiga msasa matundu yote, akapaka praima, akasubiri ikauke (alisubiri kweli, nilikaa naye), akaweka silikoni, kisha bolti za stenlesi na washa alizokata kwenye tyubu ya baiskeli ili stenlesi isiguse bodi. Siku nzima. Akataka hela ya bolti tu, nikaona aibu, nikaongeza. Tangu hapo gari limekwenda Serengeti sijui mara ngapi, kimya. Mimi mwenyewe na uzito wangu napanda juu ya madigadi, hayabonyei.

Nilikuwa nimeshaandika "msiende", nimefuta. Kazi ya mikono ya pale ni nzuri kuliko mbili nyingine nilizoziona mjini. Nendeni, mtafuteni kijana. Lakini mkienda, hela inaingia mfukoni kwa yule wa simu, na kijana anabaki bila sauti. Basi msiende. Au nendeni na bolti zenu mkononi, na mkimkuta msimamizi amekaa pale mlangoni, geuzeni gari, rudini siku nyingine.

Kahawa siku hizi nakunywa kwingine.