TAHADHARI: Muuza pikapu za dizeli anayeficha injini inayogonga

Jamani naomba msome hii, hasa nyie mnaotafuta pikapu ya dizeli ya kazi. Kuna muuzaji anatangaza mtandaoni, picha kali, injini imeoshwa mpaka inang'aa, na maelezo yake siku zote ni yale yale, "injini kimya, njoo uwashe mwenyewe ikiwa imepoa". Hayo maneno ya mwisho ndio mtego wenyewe. Mimi ni fundi, mteja wangu kaponzwa nayo, na nawaambia mtu akienda pale na ule ushauri tunaopeana kila siku wa "hakikisha unaikuta ya baridi" ataingizwa mkenge vilevile.

Mteja aliikuta kweli imepoa, kagusa injini kwa mkono, baridi kabisa. Akawasha, ikaitika mara moja, hamna mlio wowote wa ajabu. Wakazunguka kidogo tu, redio inaimba muda wote, muuzaji pembeni anasema ana haraka kuna mtu mwingine anaisubiri hiyo gari. Akalipa. Safari ya kwanza na mzigo, kwenye mlima, ndio ikaanza ko ko ko nzito ya chini, ukikanyaga mafuta inaenda na mguu, ukiachia inapiga harakaharaka halafu inapungua. Kumpigia muuzaji, jibu "dizeli ndivyo zilivyo, hizo nozeli tu", yaani vile vifaa vya kupulizia dizeli kwenye silinda. Alivyopiga tena akakuta ameshablokiwa.

Ikaja kwangu. Pikapu yenyewe ni ya pampu ya zamani, kwa hiyo nikaiacha inaunguruma nikawa nalegeza nati za mipaipu ya nozeli moja moja ili kila silinda ikose dizeli kwa zamu, na nilipofika silinda ya tatu mlio ukanyamaza. (Hii msiifanye kwenye injini za komonreli, zile dizeli za kisasa zenye nozeli za umeme, presha ya mle inaweza kuzidi baa 1,000, dizeli inatoboa ngozi. Kule unachomoa soketi ya umeme ya nozeli.) Sasa hapo bado huwezi kusema ni beringi ya konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, shafti inayozunguka chini ya injini) maana hata nozeli mbovu nayo inanyamaza ukifanya hivyo, na ndio maana muuzaji kachagua huo uongo. Nikachukua bisbisi ndefu, mpini sikioni ncha kwenye chuma, juu kwenye nozeli kuko shwari, chini karibu na sampu, lile bakuli la oili, unasikia kabisa chuma kinagonga chuma.

Nikafungua nati ya kumwagia oili na injini ikiwa ya moto. Oili ya moto inatakiwa imwagike kama maji, hii ilikuwa inashuka taratibu, nzito, inavutika kama gundi. Kajaza oili nzito na ile dawa ya kuongeza uzito. Filta nikaikata, nikazifuta zile karatasi zake, zimejaa chembe zinazometameta rangi ya shaba, sumaku haizivuti. Hizo ni beringi zinakwisha, chuma cha kawaida sumaku ingekishika.

Ujanja wake uko hapa. Beringi ikilika, nafasi kati yake na kranki inaongezeka, na oili nzito ikiwa ya baridi inaijaza ile nafasi, kwa hiyo mlio haupo. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, ile nafasi inabaki wazi, konrodi inaanza kugonga. Yaani huyu anataka uiwashe ya baridi, asichotaka ni uiendeshe mpaka ipate moto.

Na kingine ambacho kimenikera zaidi, waya wa swichi ya presha ya oili umechomolewa na taa ya oili imeungwa pamoja na taa ya chaji, ili ukiwasha zizimike zote uone mambo safi. Mtu anaweza kuua injini nzima huku taa imezima! Kwa hiyo mkiangalia gari ya namna hii, injini ikiwa inaunguruma chomoa ule waya wa swichi ya oili uuguse kwenye bodi, kwa gari hizi za zamani zenye waya mmoja taa inatakiwa iwake. Isipowaka imechezewa.

Kuwasha ya baridi bado ni lazima, maana kuna milio inayosikika hapo tu, pistoni iliyolegea, cheni ya taimingi, gasketi ya ekzosi inayovuja inatoa tiki tiki halafu chuma kikipata moto inapotea. Ila ukimaliza hapo dai uendeshe mpaka injini ipate moto kweli, redio imezimwa, upande mlima, kisha simama uisikilize. Ukiwa na fundi mwenye geji ya presha ya oili afunge palepale kwenye tundu la swichi, kipimo chetu mafundi ni kama psi 10 (kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, injini ikiwa ya moto. Muuzaji akikatalia kuendesha mbali, au akikwambia "oili imebadilishwa leo" na ukichomoa stiki ya kupimia oili unaona oili inang'ang'ania haidondoki, ondoka.

Kwa aliyekwisha kununua kwake na imeanza kugonga, zima, usiilazimishe kufika nyumbani, ivutwe. Ukiwahi kufungua sampu kabla kranki haijachimbika unaweza kupona na beringi mpya tu, ukiendelea nayo kranki inakwenda kuchongwa, na konrodi ikikatika inatoboa bloku. Filta ya zamani na ile oili usitupe, weka pamoja na meseji zake zote na picha za tangazo, mteja wangu amezipeleka polisi na wakiwa wengi wanaolalamikia mtu huyohuyo kesi inakuwa na nguvu.