Umeme wa Fezi Tatu kwa Karakana ya Nyumbani: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Wengi wanaonunua mashine ya kukereza chuma iliyokwisha kutumika hutambua kuwa mota yake ni ya fezi tatu, yaani ya kulishwa na njia tatu za umeme zinazopishana, wakati imekwisha kushushwa uani, ilhali mita ya nyumba inatoa njia moja tu ya volti 230. Kabla ya kununua kifaa chochote, soma kibao cha mota. Kikiandikwa 230/400, mota itafanya kazi kwa volti 230 ikiungwa kwa delta, yaani koili zake tatu zikiunganishwa kama pembetatu. Kikiandikwa 400/690, itadai volti 400 hata kwa delta, na vifaa vingi vya bei nafuu havitaifaa. Baadhi ya mota kuukuu za Uingereza zimetoa nyaya tatu tu kwa sababu muungo wa nyota, ambapo koili tatu hukutana kwenye ncha moja, umefungiwa ndani ya koili. Fundi wa kusuka mota anaweza kuutafuta na kutoa nyaya sita ili mota iungwe kwa delta, lakini ujira wake uingie kwenye hesabu mapema.

Kwa mashine moja isiyozidi kilowati 2.2, yaani nguvu-farasi 3, nafasi ya kwanza naipa kibadili masafa, ambacho wauzaji hukiita VFD. Kinapokea njia moja na kutoa fezi tatu za volti 230, kinaiwasha mota taratibu, kinaigeuza upande, na kinakupa mwendo unaoutaka bila kuhamisha mikanda. Hakikisha kimeandikwa kuwa kinaingiza njia moja, kwa maana kilichotengenezwa kwa kuingiza fezi tatu, hata pale kinapokubali njia moja, hupoteza takriban nusu ya uwezo wake. Cha kilowati 2.2 kinaweza kuvuta zaidi ya ampea 20 kikibeba mzigo kamili, hivyo soketi ya ampea 13 haikifai. Kivutiwe waya wake na breka yake. Mota iunganishwe nacho moja kwa moja, bila swichi katikati, kwani kukata umeme hapo mashine ikiwa kazini kunaweza kukiua kifaa. Swichi za kuwasha na kuzima zipitie vituo vyake vya amri, yaani sehemu za kufungia nyaya ndogo zinazokiamuru kifaa. Usikereze muda mrefu kwa mwendo wa chini sana, kwa kuwa feni ya mota nayo hupungua kasi na mota huchemka.

Nafasi ya pili ni kuomba fezi tatu kwa shirika la umeme, na kwa mwenye mashine kadhaa, au mota ya kilowati 5 na zaidi, ningeifanya ya kwanza. Ulizia kwanza kama nguzo za mtaani zimebeba fezi zote tatu, maana kuivuta laini kutoka mbali ndiko kunakopandisha gharama.

Ya tatu ni mota kubwa inayozunguka bila mzigo ili kuzalisha fezi inayokosekana. Ina kelele na inakula umeme hata mashine ikipumzika, ila inaweza kulisha mashine zenye mota za mwendo wa aina mbili, ambazo kibadili masafa huzihudumia kwa shida.

Kubadilisha mota na kuweka ya njia moja ni ya nne: kwa msumeno wa mbao inatosha kabisa, lakini kwenye kukereza mtetemo wake huacha alama juu ya chuma.

Sanduku la kapasita peke yake, linaloiga fezi inayokosekana bila mota ya kuzunguka, naliweka mwisho. Mota hupoteza karibu theluthi ya nguvu yake na hupata joto, kwa hiyo nalikubali kwa mashine ndogo ya kutoboa tu.